Kimea cha Dani

Wahenga walisema kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii hufunzwa tangu shule za msingi, na mwanafunzi wa Kiswahili huikariri hata akiwa hajawahi kuuona mnazi ila katika picha. Mgema basi amepata makao ya kudumu katika lugha: ana jina lake, ana kazi yake, na ana hila yake ya kutia maji. Lakini mwanamke wa bara anayeroweka wimbi, akauotesha, akausaga na kuugeuza pombe, hana jina moja linalokubaliwa na wote. Huitwa mpika pombe, huitwa mama pima, na katika taarifa za habari huitwa mshukiwa. Yanayosimuliwa hapa ni ya mmoja wao, na ya mjukuu wake aliyetaka kurithi kazi ambayo kila mtu nyumbani alitamani ife.

Rangwe imo katika Kaunti ya Homa Bay, na wadi zake ni nne: Kagan, Kochia, Gem Mashariki na Gem Magharibi. Ni nchi ya mahindi, mtama na wimbi, na msimu wa mvua udongo wake mweusi hung'ang'ania nyayo za mpita njia kana kwamba unamsihi asiende. Ajuza anayehusika hapa aliolewa huko akiwa msichana, akafiwa na mume mwaka 1983, akabaki na watoto watano na kishamba kisichotosha hata mboga. Wajukuu humwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo, naye humwita kila mmoja wao nyakwara, mjukuu wangu. Alianza kupika busaa mwaka huohuo wa kufiwa. Ada za shule za watoto wote watano zilitoka katika mtungi, na kama kuna mtu kijijini asiyelijua hilo, basi ni mgeni.

Mjukuu anayehusika alirudi nyumbani mwaka 2020. Alikuwa mhudumu wa baa katika hoteli moja jijini Nairobi, na baa zilipofungwa nchini mwezi wa Machi mwaka huo kwa sababu ya korona, hoteli ikawaaga wafanyakazi wake kwa barua ya aya mbili. Alifika Rangwe na begi moja la nguo na daftari moja la mistari. Daftari hilo ndilo lililokuwa mali yake. Kwa miaka mitano alikuwa ameandika humo kila kinywaji alichokionja: rangi yake, harufu yake, ladha ya kwanza ulimini, ladha inayobaki baada ya kumeza, na mwishoni, swali. Hakuwa mlevi. Wenzake walimcheka kwa kuwa alikunywa kama mtu anayesahihisha insha.

Kuhusu Tusker aliandika kwamba ladha yake ni ileile Busia na Mombasa, na akajiuliza wanawezaje. Bia hiyo imekuwapo tangu miaka ya 1920. Kampuni iliyoianzisha ilizaliwa mwaka 1922, na mmoja wa waasisi wake, George Hurst, aliuawa na ndovu mwaka uliofuata. Ndipo bia ikapewa jina la mnyama mwenye pembe na picha yake ikabandikwa kwenye chupa. Hapa mwanafunzi wa Kiswahili ana haki ya kutabasamu. Mzungu aliuawa na tembo akaipa bia jina la tembo, ilhali Mswahili alikuwa akinywa tembo tangu enzi na enzi, wala hakuhitaji kuuawa na mtu ili alipate jina hilo. Kamusi huyaweka maneno hayo mawili jirani, kila moja na nambari yake, na hakuna anayeyachanganya.

Kuhusu Guinness aliandika mengi zaidi, kurasa tatu. Ilikuwa kipenzi chake. Weusi wake na uchungu wake wa kahawa hutokana na shayiri iliyokaangwa hadi ikakaribia kuungua, na siku alipoyasoma hayo mjukuu huyu alikumbuka kitu alichokiona utotoni na kukidharau: Dani akiwa amechutama mbele ya karai pana la bati, moshi ukimwingia machoni, akiugeuzageuza unga wa mahindi uliochachuka hadi ukawa na rangi ya mchanga wa mtoni. Alikuwa amekulia kwenye harufu ileile aliyokuja kuilipia mamia ya shilingi kaunta ya hotelini. Swali aliloandika chini ya Guinness lilikuwa fupi: "Dani alijuaje?"

Yapo na mengine humo daftarini. Msimu mmoja alipelekwa kufanya kazi pwani, akapata kuonja mnazi kule Kilifi kwa kibuyu na mrija. Akashangaa kuwa mgema hana moto, hana unga wala kimea. Hupanda asubuhi na jioni, akakata ncha ya kole changa, na utomvu unaodondoka tayari una sukari yake. Saa chache baadaye umeanza kuchachuka wenyewe, na ukiachwa siku kadhaa unakuwa siki. Mwenzake mmoja wa kazini, mwenyeji wa Marangu, alimwalika Krismasi moja akanywa mbege. Wachaga huchemsha ndizi mbivu kwa muda mrefu, wakaziacha siku kadhaa, wakazichuja, kisha wakachanganya maji yake na uji wa kimea cha ulezi. Uchungu wanautia kwa gome la msesewe, kama wenye viwanda wanavyoutia kwa hopi. Na katika harusi moja upande wa Amagoro aliketi na wazee wa Kiteso kuuzunguka mtungi wa ajon, mirija mirefu ikiwa imetumbukizwa humo, na kila kinywaji kilipopungua maji ya moto yakaongezwa. Mrija una kichujio nchani, kwa hiyo hakuna haja ya kuchuja pombe. Wajaluo nao walikuwa na mrija wa namna hiyo, oseke, lakini siku hizi vijana wengi wa Rangwe hawajui hata jina lake.

Kuhusu saida, yaani pombe ya matofaa, aliandika kidogo. Aliionja Tusker Cider akaiona tamu mno. Hata hivyo ni saida iliyomfundisha jambo aliloliandika kwa herufi kubwa: tunda huja na sukari yake, nafaka huificha yake. Kwa hiyo mwenye tunda ana kazi nyepesi.

Kwa sababu ya kazi hiyo nyepesi, alianza na tunda. Mwezi wa pili baada ya kurudi Rangwe alinunua mananasi manane, akayakatakata pamoja na maganda, kwa maana amira ya asili hukaa kwenye ganda, akayaloweka kwenye ndoo kwa maji na sukari guru. Siku ya tatu povu likapanda. Siku ya tano alionja akaona ni nzuri, akaitia kwenye chupa za soda za kioo alizozifunga kwa vizibo vya mbao na waya, akazipanga chini ya kitanda. Alisahau kwamba sukari ilikuwa haijaisha kuliwa. Usiku wa manane chupa ya kwanza ilipasuka, ya pili ikaitikia, na kabla ya ya tatu Dani alikuwa amekwisha kutoka nje na panga akidhani wamevamiwa. Kulipokucha aliokota vipande vya kioo mmoja mmoja bila kusema neno, kisha akaketi, akacheka mpaka kanga ikamteremka begani.

"Nyakwara," alisema alipoweza kusema, "pombe huifungi. Unaifunika tu."

Hilo lilikuwa somo lake la kwanza, na kwa miaka mitatu likawa la mwisho. Kila mjukuu alipoomba kufundishwa busaa, Dani alibadilisha mazungumzo. Alikuwa tayari kumfundisha kupalilia, kufuga kuku, hata kusuka ukili. Si busaa.

Ili kuelewa kukataa huko ni lazima kurudi nyuma hadi Novemba 2000. Mwezi huo pombe iliyotiwa methanoli iliuzwa katika mitaa ya mabanda jijini Nairobi, ikaua watu zaidi ya 100 na kuwapofusha wengine. Wengi waliinywa kwa jina la Kumi Kumi, kwa kuwa glasi yake ilikuwa shilingi kumi. Miongoni mwa waliokufa alikuwa mwana wa pili wa Dani, mwashi aliyekuwa akiishi Mukuru, na baba wa mjukuu huyu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka sita. Waliokuwa naye walisimulia kwamba asubuhi aliamka akauliza kwa nini hawajawasha taa, na kumbe jua lilikuwa limechomoza zamani.

Lipo jambo ambalo taarifa za habari huwa hazilisemi, nalo linastahili kusemwa polepole. Methanoli ile haikutoka katika mtungi wa mpika busaa. Nafaka ikichachuka haitoi methanoli ya kiasi cha kuua. Sumu hiyo hutoka viwandani, hutumika katika rangi na viyeyushi, na mwenye tamaa huinunua kwa mapipa akaichanganya ili pombe yake iwe kali kwa gharama ndogo. Busaa haikenekwi. Ni pombe nzito kama uji mwepesi, yenye kileo kidogo kinachokaribia cha bia ya kawaida, na isiponyweka kwa siku mbili tatu huchacha ikamwagwa. Chang'aa ndiyo inayokenekwa, na hata hiyo huua zaidi inapoongezwa kitu. Lakini lugha ya magazeti na ya mikutano ya hadhara ilikuwa na neno moja tu la kuvifunika vyote: pombe haramu. Busaa ya Dani, chang'aa ya jirani na sumu ya Mukuru zikaingizwa katika gunia moja, na gunia likafungwa.

Mwili ulipofika Rangwe, watu walikuja matangani kwa wingi. Dani alikuwa amepika, kama desturi ilivyotaka mtu mzima azikwe. Hakuna aliyekunywa. Mitungi miwili ilikaa kwenye kivuli cha mwembe siku nzima, wazee wakiizunguka kwa mbali kama watu wanaokwepa shimo, na jioni ikamwagwa shambani. Mwanawe alizikwa kwa chai.

Kwa miezi mitatu hakuuza hata mkebe mmoja. Kisha, kwa kuwa wajukuu walikuwa wamebaki mikononi mwake na ada hazikungoja, aliivumbua desturi yake, au labda aliifufua ya zamani. Kila alipotoa pombe mpya alichota mkebe wa kwanza, akasimama mbele ya wateja wote, akaunywa hadi chini, akaupindua ili wauone mtupu. Ndipo wao wakanywa. Alifanya hivyo kwa zaidi ya miaka 20 bila kuruka siku moja, hata siku za homa.

Sheria nayo ilikuwa ikija na kwenda. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980. Mwaka 2010 sheria hiyo ilifutwa na Sheria ya Kudhibiti Vileo, maarufu kama Sheria ya Mututho kwa jina la mbunge wa Naivasha aliyeiwasilisha, ambayo ilitaka leseni, vifungashio vyenye onyo, na saa maalumu za kuuza. Dani aliposomewa masharti hayo aliuliza atapata wapi kiwanda cha chupa. Mitungi yake ilipinduliwa mara nyingi kabla ya 2010 na mara nyingi baadaye, na yeye hakuona tofauti ila sare za waliopindua. Kilichompunguzia wateja hasa ni bia ya pipa. Senator ilizinduliwa mwaka 2004 kuwa bia ya bei nafuu ya kuwavuta wanywaji kutoka kwa pombe za mitaani, na baada ya kiwanda cha Kisumu kuanza kujengwa upya mwaka 2017, wakulima wa nyanda hizi za ziwa wakahimizwa kupanda mtama mweupe wa kukiuzia. Hivyo mtama wa jirani hupitia Kisumu kwanza ndipo umfikie mnywaji, umelipiwa kodi na una cheti. Pengine hilo si baya. Lakini ni ajabu kidogo kwamba nafaka hiyohiyo ikisafiri huitwa bia, na ikibaki nyumbani huitwa kosa.

Fasihi nayo haikumpendelea. Dada mdogo wa mjukuu huyu alisoma tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne, na humo akakutana na Mamapima, mwanamke anayeuza pombe haramu Mangweni chini ya kivuli cha utawala wa Majoka. Likizo ilipofika alimwuliza nyanyake bila kupepesa macho: "Dani, wewe ni Mamapima?"

Dani alitaka aelezwe kisa chote kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mawili matatu kuhusu Majoka, kisha akajibu: "Pima ni ya chang'aa. Anayeuza chang'aa hupima kwa kikombe kidogo kwa sababu ni kali. Mimi sijawahi kupima. Najaza mkebe wa Kasuku mpaka unamwagika. Mwambie mwalimu wako." Haijulikani kama mwalimu aliambiwa. Mhakiki mwenye haki angeweza kukiri kwamba mwandishi wa tamthilia alimhitaji Mamapima kwa kazi ya kuonyesha uozo wa utawala, na aliifanya vyema. Ila hakuna tamthilia nyingine iliyosimama kando yake ikamwonyesha mwanamke aliyenywa mkebe wa kwanza.

Mwaka 2023 Dani aliamua kubatizwa katika Kanisa la Waadventista Wasabato. Kanisa hilo lina mizizi mirefu katika nchi hii. Wamisionari wake walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na Jumamosi asubuhi njia za Rangwe hujaa watu waliovaa nguo nyeupe na kushika Biblia. Wasabato hawanywi pombe wala hawaipiki. Dani alikuwa na umri wa miaka 78. Alisema amechoka kuukimbia moshi, na anataka kuzikwa na kwaya. Ubatizo ulipangwa kuwa Desemba.

Mwezi wa Oktoba alimwita mjukuu wake jikoni, akafunga mlango.

"Una daftari lako?"

"Ninalo, Dani."

"Lilete. Baba yako alizikwa kwa chai. Novemba atatimiza miaka 23, na kabla sijaingia majini nataka anywewe. Nitapika mara moja. Wewe utaandika."

Jambo hilo halikuweza kufichwa. Mama wa kijana huyo, ambaye Dani humwita Nyar Seme kwa kuwa alitoka Seme, alilisikia jioni hiyohiyo. Alikuwa mkwe mtiifu kwa miaka 30. Hakuwahi kumjibu mama wa mumewe kwa sauti. Safari hii alisimama mlangoni, kitambaa cha kichwa mkononi.

"Mama, nisamehe. Nilimzika mume kwa pombe. Unataka nimzike na mtoto?"

"Nyar Seme, mume wako hakufa kwa pombe yangu."

"Najua, Mama. Lakini mimi ndiye niliyeuosha mwili. Sikuona tofauti."

Dani hakujibu. Yapo maneno ambayo hata mwenye haki hana la kuyajibia. Nyar Seme aliingia nyumbani kwake, na kwa siku tisa zilizofuata alipita nyuma ya jiko badala ya mbele.

Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na mjukuu huyu aliambiwa avukute kwanza. Kazi yake ya siku ya kwanza ilikuwa kupepeta wimbi gorogoro mbili na kuuosha hadi maji yakawa meupe. Ukalowekwa usiku kucha. Kesho yake ukamiminwa kwenye gunia lililotandikwa majani ya migomba, ukafunikwa, ukawekwa pembeni mwa jiko ambako joto halikatiki. Kila asubuhi na jioni Dani aliunyunyizia maji, akatia mkono ndani hadi kiwiko. Siku ya tatu mikia myeupe ilikuwa imechomoza, imeshikana kama nywele zisizochanwa. Mjukuu alipotaka kujua kwa nini nafaka lazima iote, ingawa alikuwa na jibu la kitabuni kuhusu vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, Dani alimwambia: "Wimbi lazima uamini kuwa umepandwa. Ukishaamini, unafungua ghala lake ili umlishe mtoto. Hapo ndipo unapouibia." Ukaanikwa juani siku mbili, ukasagwa, si laini sana. Hicho ndicho kimea. Dani hukiita thowi.

Huku wimbi ukiota, unga wa mahindi ulikuwa umekandwa kwa maji ukawa donge, ukafunikwa kwenye beseni siku tatu hadi ukatoa harufu kali ya kuchacha. Kisha karai likatelekwa juu ya mafiga. Hapa ndipo palipomshinda kijana. Aliukaanga unga akaacha upande mmoja uungue na mwingine ubaki mbichi, na Dani akautupia kuku wote, gorogoro nzima, akamwamuru aanze upya. Mara ya pili alisimama nyuma yake, hakutazama karai, alifumba macho. "Sasa geuza," alisema. "Sasa toa kuni moja. Sasa ngoja." Alikuwa akiongozwa na pua. Ipo harufu ya uji, akaeleza, kisha ya mkate, kisha ya njugu, na baada ya njugu mtu ana nafasi ya kuvuta pumzi kumi kabla ya mkaa. Busaa hutolewa kwenye njugu. Kijana aliandika hayo yote mkono ukitetemeka kwa uchovu, na pembeni akachora mshale hadi ukurasa wa Guinness.

Unga uliokaangwa ukapozwa, ukachanganywa na maji na kimea mtungini, ukafunikwa kwa gunia, haukufungwa. Usiku wa kwanza mtungi ulinong'ona. Usiku wa pili ulichemka bila moto, na ukitega sikio ungesikia kama mvua ndogo juu ya majani. Asubuhi ya tatu wakauchuja kwa kitambaa, mmoja akishika huku na mwingine akikamua.

Dani alitazama rangi. Alinusa. Hakuonja.

"Tangu juzi nimeanza kujizoeza," alisema.

Hapo ndipo mjukuu alipofahamu alichoitiwa. Kuandika kulikuwa kisingizio. Palihitajika mtu wa kunywa mkebe wa kwanza.

Watu walikuja alasiri, kiasi cha 40: jamaa, majirani, na wazee watatu waliokuwapo siku ile ya mwaka 2000. Mtungi uliwekwa palepale chini ya mwembe. Upande wa pili, karibu na ukuta, Nyar Seme alikuwa ametandika meza ya chai kwa wasiokunywa, na viti vya hapo vilijaa upesi. Dani alichota, akaufuta mkebe kwa kanga, akauweka mikononi mwa mjukuu. Mazungumzo yakakatika. Mzee mmoja alivua kofia, pengine bila kujua kwa nini.

Kijana alitazama meza ya chai. Mamake hakuwa akimtazama. Alikuwa akijaza kikombe kilichokwisha kujaa, chai ikimwagika kwenye kisahani. Akanywa. Alikunywa polepole, kwa maana ni nzito na haimezeki kwa haraka, na alipomaliza akaupindua mkebe. Tone moja likaanguka mchangani.

"Ikoje?" Dani aliuliza.

Alikuwa na maneno mengi daftarini kwa ajili ya swali hilo. "Imetoka kwenye njugu," alijibu.

Yule mzee aliyevua kofia ndiye aliyesogea wa kwanza, akanyoosha mkebe wake. Kisha wengine. Dani aliwachotea mmoja mmoja hadi nusu ya mtungi, kisha akamwachia mjukuu kata, akanawa mikono, akaenda kuketi kwenye meza ya chai. Nyar Seme akamsogezea kiti.

Wageni waliondoka giza lilipoingia. Usiku ule Nyar Seme hakulala. Alfajiri, kabla jogoo wa pili hajawika, alivuka ua hadi chumba cha mwanawe, akasukuma mlango kwa kidole. Kitanda kilikuwa kitupu. Alizunguka nyuma ya jiko akiwa hana hata ndara miguuni, na hapo akamkuta, amechutama kando ya mtungi, anausugua kwa majivu.

"Unaona?" alimwuliza.

"Naona, Mama," kijana alisema. "Bado ni giza, lakini naona."